Kupanga idhini za vocha za jonali kwenye programu ya hesabu: mwongozo kwa ofisi za Unguja na Pemba

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Siku hizi daftari lipo, tena limo ndani ya kompyuta na lina neno la siri. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo: JV hii (vocha ya jonali, yaani hati ya ingizo la hesabu lisilo la malipo wala la mapokezi) nani kaiandika, na nani kaisoma kabla haijaingia kwenye leja, daftari kuu la hesabu?

Nawaandikia wahasibu wa ofisi zetu za kawaida: hoteli za Paje na Nungwi, maduka ya jumla ya Darajani yenye tawi Chake Chake, skuli binafsi, asasi zenye wafadhili watatu na mhasibu mmoja. Ni ofisi ambazo kununua kalamu kunataka fomu na hundi inataka saini mbili, lakini vocha ya jonali mhasibu anaiandika usiku wa kufunga mwezi na kuiposti, yaani kuiingiza kwenye leja, mwenyewe, basi. Na JV ndiyo inayoweza kugeuza hasara kuwa faida bila hata shilingi moja kutoka benki.

Mwaka 2002 kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani iligundulika kuwa imechukua gharama za kutumia mitandao ya kampuni nyingine ikazihamishia kwenye rasilimali za kudumu, zaidi ya dola bilioni 3.8 kwa hesabu ya mwanzo. Njia iliyotumika ilikuwa maingizo ya jonali yasiyokuwa na vielelezo. Wakaguzi wa ndani waliofukua jambo lile walianza kwa kuuliza tu: karatasi ya ingizo hili iko wapi? Kampuni ile haikuwa na upungufu wa wakubwa wa kutia saini.

Kwa hiyo msimamo wangu niuseme mapema. Mtiririko mzuri wa idhini ni mfupi. Msomaji mmoja anayesoma kweli ni bora kuliko saini nne za watu ambao kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyesoma. Ukimaliza kupanga na ukakuta JV ya uchakavu wa viti inapita kwa watu wanne, rudi mwanzo.

Hatua ya 1: Zitazame JV mlizonazo

Usiguse mipangilio ya programu kwanza. Toa orodha ya JV zote za miezi mitatu iliyopita, ipeleke Excel, ongeza safu moja pembeni uandike aina ya kila moja. Utakuta makundi yaleyale: uchakavu, mishahara, malimbikizo ya gharama ambazo ankara zake hazijafika, malipo ya awali kama bima na kodi ya pango, marekebisho ya thamani ya dola, uhamisho kati ya matawi, na masahihisho ya makosa. Halafu lipo kundi lisilo na jina. Maelezo yake yameandikwa "marekebisho", au "kama tulivyozungumza", au nukta tupu kwa sababu programu ilikataa kuacha nafasi wazi. Hilo ndilo la kulisoma kwanza, JV moja baada ya nyingine, na mwenyewe aliyeiandika akiwa amekaa pembeni yako.

JV zinazojirudia kila mwezi kwa kiasi kilekile zitenge. Uchakavu wa jenereta ukishakubaliwa mwanzoni mwa mwaka, kiolezo chake kiidhinishwe mara moja. Miezi inayofuata mwidhinishaji anaangalia kitu kimoja tu, kama kiasi kimebadilika.

Masahihisho yakiwa mengi mno, tatizo haliko kwenye idhini. Mfano ninaoupenda ni wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani: programu imewekwa na fundi aliyezoea Bara, ikaja na 18% wakati kiwango cha kawaida cha Zanzibar ni 15%, na kila mwisho wa mwezi mhasibu anaandika JV ya kurekebisha tofauti. Unaweza kuweka waidhinishaji kumi juu ya JV hiyo, itabaki kuwa kiraka. Rekebisha kiwango kwenye programu, JV yenyewe itakufa.

Hatua ya 2: Nani anaandika, nani anaidhinisha

Kanuni ni moja: aliyeandika haidhinishi. Ofisi yenye wahasibu watano haina shida hapo. Shida iko kwa ofisi yenye mhasibu mmoja, na jibu lake ni mmiliki au meneja.

Hapo ndipo utasikia, "Bosi mwenyewe hajui debiti wala krediti." Si lazima azijue hizo pande mbili za ingizo. Anajua dobi analipwa shilingi ngapi kwa kilo. Anajua kama gari la hoteli liliuzwa au bado limeegeshwa nyuma ya jiko. Na anajua vizuri sana kama kweli aliikopesha kampuni milioni kumi mwezi uliopita. Mpe JV iliyoelezwa kwa Kiswahili cha watu na karatasi yake, atakuuliza maswali ambayo mhasibu mwenzako asingeyafikiria.

Kuna mtu wa tatu anayesahauliwa: mwenye akaunti ya msimamizi wa programu, yule anayegawa haki kwa watumiaji wengine. Kwenye ofisi nyingi ni huyohuyo mhasibu, kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku programu ilipowekwa. Maana yake anaweza kujipa haki ya kuidhinisha saa nne, akaidhinisha saa nne na dakika tano, akajivua haki saa nne na dakika kumi. Akaunti hiyo akabidhiwe mmiliki, na mhasibu abaki na akaunti ya kazi yake tu.

Kwa wenye matawi, JV inayogusa Unguja na Pemba iidhinishwe na upande wa pili. Iliyoandikwa Darajani isomwe Chake, iliyoandikwa Chake isomwe Darajani. Nitalirudia hili mbele kidogo.

Hatua ya 3: Weka vikomo, lakini usitazame kiasi peke yake

Vikomo viwili vinatosha ofisi nyingi. Tuseme hadi shilingi 5,000,000 anaidhinisha mhasibu mkuu, kuzidi hapo anaidhinisha meneja wa fedha au mmiliki. Tarakimu zenyewe zitoke kwenye ile orodha yako ya hatua ya kwanza: zipange kwa ukubwa, uone wapi zinakatika zenyewe.

Hata hivyo, kiasi ni kipimo dhaifu. JV ya milioni 60 ya mishahara yenye orodha ya wafanyakazi nyuma yake ina hatari ndogo kuliko JV ya laki nne inayopunguza deni la mteja bila maelezo. Kwa hiyo orodhesha akaunti ambazo, ziguswe kwa kiasi chochote, JV inakwenda kwa mkubwa moja kwa moja: VAT na kodi nyingine, mtaji, mkopo wa mkurugenzi, mapato, kufuta madeni ya wateja, akaunti ya muda (ya kuwekea yasiyojulikana pa kuwekwa), na akaunti ya matawi. Benki na fedha taslimu mimi nisingeziruhusu kwenye JV kabisa. Hela ikiingia au ikitoka ina hati yake ya mapokezi au ya malipo. JV inayogusa benki mara nyingi ni mtu anayetaka usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, ukubali kwa nguvu.

Akaunti za kodi nazo zitenganishwe kwa jina la anayelipwa. Kwetu VAT ya mauzo ya ndani inakwenda ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na PAYE, kodi ya mishahara, inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Vikikaa kwenye akaunti moja iitwayo "Kodi", JV ya kuhamisha kiasi kutoka huku kwenda kule haitaonekana na mtu.

Mitego miwili. Wa kwanza ni kukatakata: JV ya milioni 9 inaandikwa mara mbili, milioni 4.5 na milioni 4.5, siku hiyohiyo, akaunti zilezile. Programu nyingi hazilioni hilo zenyewe. Linataka ripoti ya kila wiki inayopanga JV kwa mwandaaji, tarehe na akaunti.

Mtego wa pili ni wa kwetu hasa, kwa sababu ya dola za watalii. Kikomo kimeandikwa 5,000,000, na programu inalinganisha tarakimu iliyoandikwa kwenye vocha. Anakuja mtu na JV ya dola 4,000. Kwa programu, 4,000 ni ndogo kuliko 5,000,000, kwa hiyo inapita kwa mtu wa chini, wakati kwa kiwango cha 2,500 hiyo ni shilingi milioni 10. Kabla hujaridhika na kikomo, hakikisha kinasoma thamani ya shilingi baada ya kubadilishwa.

Hatua ya 4: Ingia kwenye programu

Kila programu ina namna yake. TallyPrime, ambayo maduka mengi wanayo, inakuruhusu kuifanya vocha kuwa ya hiari kwa Ctrl+L. Vocha ya namna hiyo haigusi vitabu mpaka ibadilishwe kuwa ya kawaida. Unaweza kuitumia kama rasimu: mhasibu anaandika ya hiari, mwidhinishaji ndiye anayeibadilisha. Odoo ina rasimu na iliyopostiwa, na kazi yako kubwa pale ni kubana haki ili si kila mwenye kuingia aweze kuposti. Business Central ina mtiririko wa idhini tayari kwa kundi zima la jonali au kwa mistari iliyochaguliwa. Chagua mistari pale mnapochanganya JV ndogo na kubwa kwenye kundi moja, la sivyo moja yenye kasoro itazizuia zote.

Nitaonesha kwa undani ERPNext, kwa sababu inakulazimisha ujenge kila kitu mwenyewe na ukikosea unaona. Unatengeneza mtiririko mpya, unauelekeza kwenye vocha za jonali, kisha unataja hali ambazo JV itapitia. Zipe majina ya Kiswahili, programu inakubali, na bosi ataelewa anachokitazama: Rasimu, Inasubiri Idhini, Imerejeshwa, Imeidhinishwa, Imebatilishwa.

Kila hali inapewa namba. Sifuri maana yake ni rasimu isiyogusa leja, 1 maana yake imeingia kwenye leja, 2 imebatilishwa. Tatu za mwanzo zote zipewe 0, Imeidhinishwa peke yake ipewe 1. Ukiipa Inasubiri Idhini namba 1, JV itakuwa imeshaingia kwenye leja wakati mwidhinishaji bado anakunywa chai, na kila kitu kwenye skrini kitaonekana sawasawa.

Baadaye zinafuata njia za kutoka hali moja kwenda nyingine, na kila njia ina cheo kinachoruhusiwa kuipita. Mhasibu anaitoa Rasimu kwenda Inasubiri. Mhasibu mkuu anaitoa Inasubiri kwenda Imeidhinishwa, kwa sharti kwamba jumla ya debiti haizidi 5000000. Sharti linaandikwa doc.total_debit <= 5000000. Njia ya pili ya kwenda Imeidhinishwa ni ya meneja wa fedha, haina sharti. Wote wawili wana njia ya kuirudisha Imerejeshwa, na mhasibu ana njia ya kuitoa Imerejeshwa kwenda Inasubiri tena.

Kwenye kila njia kuna kiboksi kimeandikwa "Allow Self Approval". Kinakuja kikiwa kimetiwa alama tayari. Maana yake aliyeandika anaweza kujiidhinishia kama ana cheo kinachohusika. Iondoe alama hiyo kwenye kila njia inayokwenda Imeidhinishwa. Ukisahau hilo, ile kanuni ya hatua ya pili imebaki kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Kinachoambatana na JV

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapopita mbio.

Tuchukue hoteli inayopeleka mashuka na taulo kwa dobi wa nje. Ankara ya Machi itafika tarehe 5 au 6 Aprili, na nyinyi mnafunga mwezi kabla ya hapo. JV ya malimbikizo inahitajika. Unaweza kuikuta imeandikwa hivi:

Marekebisho Machi. Debiti gharama 4,720,000. Krediti malimbikizo 4,720,000.

Haina kosa la kihesabu, na haina chochote cha kuidhinisha. Mwidhinishaji atafanya nini zaidi ya kuona kwamba pande mbili zinalingana, jambo ambalo kompyuta imeshalifanya? Sasa isome hii:

Malimbikizo ya dobi, Machi 2025. Kilo 2,360 kwa mujibu wa hati za kupokelea mashuka za tarehe 1 hadi 31, bei ya mkataba shilingi 2,000 kwa kilo. Ankara haijafika. Hakuna VAT ndani. Igeuzwe tarehe 1 Aprili. Debiti gharama za dobi 4,720,000. Krediti malimbikizo ya gharama 4,720,000. Viambatisho: jedwali la kilo la kila siku, ukurasa wa bei wa mkataba.

Hiyo inasomeka. VAT imeachwa nje kwa sababu hakuna ankara ya kodi mkononi, na ya kudai itadaiwa ankara ikifika. Tarehe ya kugeuza, yaani ya kuandika ingizo hilo kinyume chake, imetajwa kwa sababu malimbikizo yasiyogeuzwa ndiyo yanayofanya gharama ihesabiwe mara mbili: mara moja kwa JV, mara ya pili kwa ankara. Programu nyingi zinaweza kugeuza zenyewe ukiweka tarehe. Tumia uwezo huo. Aprili hakuna atakayekumbuka.

Kwa JV ya dola, viambatisho ni viwili: taarifa ya benki inayoonesha salio la siku ya mwisho, na kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyohiyo. Salio la dola 18,400 lililokuwa vitabuni kwa 2,480 ni shilingi 45,632,000. Kiwango cha kufungia kikiwa 2,510, linakuwa 46,184,000. JV ni 552,000, faida ya ubadilishaji. Mwidhinishaji anazidisha 18,400 kwa 30, amemaliza. Viwango hivi nimevitunga kwa mfano. Msitumie kiwango cha duka la kubadilishia fedha kwa kuwa tu ndicho kilichokuwa karibu.

Ya matawi ndiyo yenye vituko. Duka la Darajani linapeleka magunia 120 ya mchele Pemba. Meli inaondoka Malindi tarehe 31, inashusha Mkoani tarehe 1. Unguja wameshaandika yametoka, Pemba hawajaandika yameingia, na akaunti za matawi hazilingani. JV sahihi inaweka mzigo kwenye akaunti ya bidhaa zilizo njiani mpaka upokelewe. JV isiyo sahihi inailazimisha Pemba iandike mapokezi ya tarehe 31 ya mchele uliokuwa bado baharini. Na magunia yakifika 117, yale matatu yabaki kwenye akaunti ya njiani mpaka mtu aulize melini na bandarini yamekwenda wapi. Ndiyo sababu nikasema mwidhinishaji awe wa Chake: yeye anaweza kushuka stoo akahesabu.

Fanya kiambatisho kiwe lazima ndani ya programu ikiwezekana. Kama haiwezekani, iwe kanuni kwamba JV isiyo na karatasi inarejeshwa bila kujadiliwa. Picha ya simu inatosha, mradi isomeke.

Hatua ya 6: Namna ya kusoma kabla ya kubonyeza

Mwidhinishaji anayeanza kwa kuangalia kama debiti na krediti zinalingana anapoteza muda wake. Aanze na maelezo, afungue kiambatisho, azidishe au ajumlishe mwenyewe tarakimu moja kubwa. Halafu atazame tarehe: JV ya Machi iliyoandikwa Aprili ni ya kawaida, JV ya Januari iliyoandikwa Aprili inataka sababu.

Kisha aweke mwezi uliopita pembeni. Machi mvua zinaanza na wageni wanapungua. Kama vyumba vilivyolala watu vimeshuka kutoka Februari lakini kilo za dobi zimepanda, kuna swali hapo, hata kama jedwali limejumlishwa bila kasoro. Inawezekana mashuka ya akiba yalifuliwa yote kwa ajili ya kufunga hoteli kwenye masika. Inawezekana pia mtu anafulisha mashuka ya nyumba yake ya kupangisha. JV haitakwambia, muulize aliyeiandika.

Anaporejesha, aandike sababu kwenye programu kwa sentensi kamili: "Kilo za tarehe 14 zimeingia mara mbili, angalia hati." Akiandika "rekebisha" tu, mhasibu atabahatisha na JV itarudi mara tatu.

Halafu kuna kitufe cha kuchagua zote na kuidhinisha kwa pamoja. Kwa JV za kiolezo, sawa. Kwa nyingine kizimeni kama programu inaruhusu, hata kama mhasibu mkuu atanung'unika siku mbili tatu.

Hatua ya 7: Mwidhinishaji hayupo

Bosi yuko Pemba na boti ya leo imeahirishwa kwa upepo. Au yuko Makka, na safari ya Hijja ni ya wiki kadhaa. Au ni Ramadhani, saa za kazi zimefupishwa na baada ya alasiri ofisini hakuna mtu. Mambo haya yanajulikana kwamba hutokea, kwa hiyo kaimu ateuliwe ndani ya programu mapema, kwa jina lake mwenyewe, akiwa na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Kisichofaa ni kumwachia mhasibu neno la siri. Ikishatokea hivyo, kumbukumbu ya programu itaonesha kwamba bosi aliidhinisha JV saa tano asubuhi ya siku aliyokuwa Arafa. Mkaguzi akiliona hilo, hatakuwa na haja ya kuiamini idhini nyingine yoyote ya mwaka huo.

"Sawa, pitisha" ya WhatsApp nayo si idhini. WhatsApp itumike kumshtua mtu kwamba JV inamsubiri, maana barua pepe za programu hazisomwi na sote tunajua. Kuidhinisha afungue programu kwenye simu yake, aone kiambatisho, abonyeze pale.

Pangeni kalenda ya kufunga mwezi kwa kurudi nyuma kutoka tarehe za kodi. PAYE inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo JV ya mishahara iwe imeidhinishwa kabla, tuseme tarehe 4. Nyingine zote ziwe zimewasilishwa tarehe 3 na kumalizika tarehe 6. Idi ikikaribia mwisho wa mwezi, acheni siku mbili za ziada, maana mwezi hauandami kwa kalenda ya ofisi. Na wanaofunga mwaka Disemba wakumbuke kwamba Sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, inaangukia katikati ya kazi hiyo.

Hatua ya 8: Funga mlango wa nyuma

JV ikishaidhinishwa isibadilike. Kama programu inaruhusu kuifungua na kubadilisha kiasi, mabadiliko hayo lazima yairudishe kwenye Inasubiri Idhini. Kosa likionekana baada ya kuposti, liandikiwe JV ya kugeuza na JV mpya, zote mbili zikipita njia ileile. Kufuta kusiwepo.

Mwezi ukifungwa, weka tarehe ya kufuli ili mtu asirudi nyuma. QuickBooks wanaiita tarehe ya kufunga vitabu na inakubali neno la siri. ERPNext na Odoo nazo zina tarehe yao ya kufuli. Neno hilo la siri asiwe nalo anayeandika JV.

Hatua ya 9: Jaribu kuuvunja mtiririko wako

Kabla ya kuutangaza, tengeneza kampuni ya majaribio kwenye programu na ukae nusu siku ukijaribu kudanganya. Ingia kama mhasibu, andika JV, jaribu kujiidhinishia. Andika ya 5,000,001. Andika ya dola. Kata moja kubwa iwe mbili. Idhinisha, kisha ifungue ubadilishe akaunti. Iweke tarehe ya mwezi uliofungwa. Ingiza JV kwa kupakia faili la Excel, maana kuna programu ambazo maingizo yaliyopakiwa yanapita bila kugusa mtiririko, na mlango huo watu wengi hawaufikirii kabisa. Kila linalopita na halikupaswa kupita, liandike, lirekebishe, urudie jaribio.

Weka pia ripoti moja ya kila mwezi: namba ya JV, aliyeandika na saa, aliyeidhinisha na saa, kiasi kwa shilingi, ilirejeshwa mara ngapi. Mkaguzi wa nje ataiomba hata kama hukumwandalia. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 240, kinachohusu udanganyifu, kinamtaka apime maingizo ya jonali kwa kila mteja, na ukimpa ripoti hiyo siku ya kwanza utakuwa umejipunguzia siku kadhaa za kuulizwa.

Wewe mwenyewe isome kwa kutazama safu mbili za saa. JV kumi na tano zilizoidhinishwa ndani ya dakika mbili hazikusomwa. Na mwidhinishaji ambaye robo mwaka nzima hakurejesha hata moja, mchanganyie rasimu moja yenye kosa la makusudi, tuseme kilo 2,360 kwa 2,000 zikaandikwa 4,270,000, mwambie mmiliki peke yake, na uiondoe kabla mwezi haujafungwa.